Mwongozo kamili wa kwenda Feri kununua samaki na kufika naye nyumbani akiwa mzima

Ujumbe ninaopata kuhusu Soko la Samaki la Feri, Dar es Salaam, unafanana kama mapacha. Mtu kaamka usiku, kaacha usingizi wake Mbezi au Gongo la Mboto, kafika, kanunua, na samaki anaingia jikoni amelegea kama kitambaa. Mwingine kalipa bei ile ile ambayo angelipa kwa muuza samaki wa mtaani kwake, na nauli juu. Mwingine alisimama mnadani saa nzima akatoka mikono mitupu, hajui hata ni wakati gani mali iliuzwa.

Nikiwauliza waliendaje, jibu ni lile lile: walinunua ndani ya dakika kumi za kwanza. Waliona samaki anang'aa, wakaitwa "bosi", wakatoa pesa.

Feri si duka kubwa la samaki. Ni masoko matatu yaliyobanana sehemu moja: mnada, meza za rejareja na majiko ya wakaangaji. Kibua yule yule anaweza kupita kote kutatu asubuhi moja, na kila anapopita, bei yake na umri wake vimebadilika. Ukishajua umesimama kwenye soko lipi kati ya hayo, mengine yote yanakuwa mepesi. Hatua hizi nimezipanga kwa kufuata hilo.

## Vitu vya kubeba

Andaa usiku. Asubuhi hutakuwa na muda wa kutafuta.

Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, au deli la barafu kama unalo. Mfuniko ndio wa maana. Ndoo wazi haitunzi baridi, na maji ya samaki yakimwagikia abiria mwenzako utaisikia safari nzima.

Barafu. Gandisha chupa za maji nyumbani tangu jana yake. Usizijaze hadi juu, maji yakiganda yanavimba na chupa inapasuka. Barafu inauzwa Feri, lakini ukifika na yako huna presha ya kuitafuta huku samaki ameshika jua. Kwa joto la Dar es Salaam, hesabu kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Najua inaonekana nyingi. Ndiyo kiasi chake.

Chupa moja ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, ikiwa bado haijafunguliwa. Hii si ya kunywa, ni ya kupimia mzani. Nitaeleza mbele.

Kikapu au mfuko mbadala. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usitegemee kupewa rambo.

Noti ndogo ndogo, zigawe mifuko miwili. Pesa ya kununulia samaki weka mfuko mmoja, pesa ya kupara, chai na nauli mfuko mwingine. Wengi wanapokea pesa kwa simu, ila kwenye pilikapilika za mnada mwenye taslimu mkononi ndiye anayesikilizwa.

Viatu vinavyoshika chini. Sakafu ina maji, magamba na utumbo saa zote. Gambuti ni bora, raba zinatosha. Ndala zilizolika kisigino zitakuangusha.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia mwezi na upepo

Hatua hii karibu kila mtu anairuka, na ndiyo inayoamua bei kuliko ufundi wowote wa kubembelezana.

Dagaa na vibua huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki wakafuata mwanga, nyavu zikawazunguka. Taa hiyo inafanya kazi vizuri usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, bahari yote ina mwanga na taa ya mvuvi haimvuti mtu. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu dagaa na vibua hupungua na bei hupanda. Siku za giza hujaa hadi wauzaji wanakuita wenyewe. Kabla hujapanga kwenda, toka nje usiku uangalie juu.

Pweza ana hesabu nyingine. Wengi hukamatwa kwa miguu, mwambani, maji yakikupwa sana. Hilo hutokea siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku za maji mafu mwamba haufunuki vizuri na pweza huadimika. Utaona basi kwamba mwezi mpevu unakunyima dagaa lakini unaweza kukupa pweza. Panga kwa samaki unayemtaka.

Upepo nao una neno. Kusi ikivuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti, bahari inachafuka na vyombo vidogo hubaki ufukweni. Ukiamka siku hizo na upepo unapiga mabati, tarajia meza chache na bei kali. Kaskazi na vipindi vya utulivu kati ya misimu huleta aina nyingi zaidi.

Epuka Ijumaa Kuu na siku mbili tatu kabla yake kama unabana matumizi, kwa sababu mji mzima unatafuta samaki. Jumapili asubuhi pana msongamano wa familia. Mimi huenda Jumanne au Jumatano.

Utajuaje umefaulu: siku mbili kabla ya kwenda unaweza kutaja kwa jina samaki unayemfuata, na wa pili wa akiba kama wa kwanza hayupo.

## Hatua ya 2: Fika alfajiri, na ujue unaingilia wapi

Lenga kuwa pale saa kumi na mbili. Vyombo vinashusha alfajiri, mnada unachangamka, na samaki hajapigwa na jua. Ukifika saa nne utamkuta samaki yule yule ameshakaa mezani saa nne.

Soko liko Magogoni, jirani na kivuko cha Kigamboni. Ukitoka upande wa Kimara au Morocco kwa mwendokasi, shuka kituo cha mwisho cha Kivukoni, hapo unatembea tu. Ukitoka Kigamboni, panton inakushusha karibu kabisa na soko.

Tahadhari: Ikulu iko jirani. Usielekeze kamera upande huo, hata kama bahari ya asubuhi imependeza. Na ndani ya soko omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. "Shikamoo mama, naweza kupiga picha samaki wako?" inatosha. Mtu aliyeinamia kazi yake tangu usiku hapendi kugeuzwa pambo.

## Hatua ya 3: Zunguka bila kununua

Dakika ishirini. Pesa ibaki mfukoni, ndoo ibaki na mfuniko wake ili wasione iko tupu.

Soko limegawanywa zoni. Usijisumbue kukariri namba, uliza kwa kazi inayofanyika: "Kaka, mnada wa samaki wakubwa uko wapi?" "Dada, wanaopara wako upande gani?" Utaelekezwa. Watu wa Feri wana haraka lakini si wachoyo wa maneno.

Ukizunguka, tazama mambo matatu.

Kwanza, ni samaki gani amejaa leo. Ukiona changu kila meza ya tatu, leo ni siku ya changu, na utabembeleza ukiwa na nguvu. Ukiona nguru mmoja tu soko zima, mwenye nguru ndiye atakayepanga bei.

Pili, uliza bei kwa watu watatu walio mbali mbali, wa samaki mmoja, ukubwa mmoja. Wauzaji waliokaa ubavu kwa ubavu wanasikilizana, bei zao hazikufundishi kitu.

Tatu, angalia wenye majiko na mama lishe wananunua wapi. Wale wananunua kila siku, kwa pesa yao, na hasara ya samaki mbovu ni yao. Wakiipita meza bila kugeuza shingo, nawe ipite.

Katika mzunguko huu utaitwa sana. "Bosi, njoo uone." "Anti, huyu wa sasa hivi." Jibu kwa adabu, "Asante, nazunguka kwanza", endelea. Usishike samaki usiyekusudia kumnunua. Ukimshika, mazungumzo yameanza.

Utajuaje umefaulu: kichwani una bei tatu, na umejua ni samaki gani wa leo.

## Hatua ya 4: Amua, mnada au meza

### Ukienda mnadani

Mnada unauza kwa fungu, si kwa samaki mmoja unayemchagua. Samaki humwagwa mbele ya watu, dalali anataja bei ya kuanzia, wanaotaka wanaongeza, wa mwisho kuongeza anachukua. Inakwenda haraka. Mara ya kwanza utasikia kelele tu.

Kwa hiyo mara ya kwanza usiongeze bei. Simama nyuma, mikono chini, sikiliza mafungu matano au sita yakiuzwa. Mkono ulioinuliwa kumwita rafiki unaweza kuhesabiwa kuwa umeongeza, na ukishatajwa wewe ni mnunuzi. Jifunze sauti ya dalali, jifunze anapomaliza.

Kabla ya kutaja bei, jiulize mambo mawili. Fungu lote utalipeleka wapi? Na wa chini wanafananaje na wa juu? Walio juu ndio wanaotazamwa. Sogea mapema kabla bei haijaanza, tazama pembeni na chini ya fungu. Ukiona wa katikati wamebonyea na matumbo yamepasuka, hilo fungu liache hata likienda kwa bei ya kutupa.

Njia nzuri kwa familia ni kuchangia. Wanawake wanaokaanga hufanya hivyo kila siku: watatu au wanne wanaungana, mmoja anaongeza bei, wakipata wanagawana pale pale. Nenda na jirani zako wawili mfanye vile vile. Kubalianeni kiwango cha juu kabla ya kusogea, na aongee mmoja tu. Nimewahi kuwaona mtu na mkewe wakipandishiana bei wao kwa wao kwa sababu kila mmoja alisimama kona yake.

Ukishinda unalipa hapo hapo na kuondoa mali yako hapo hapo. Fungu linalofuata linasubiri nafasi.

### Ukienda mezani

Kama unataka samaki wawili watatu wa nyumbani, meza ndiyo sehemu yako. Utalipa zaidi kuliko mnadani, lakini unachagua samaki mmoja mmoja, na hiyo ina thamani yake. Kwa anayekwenda Feri mara moja kwa mwezi nashauri meza bila kusita. Unafuu wa mnada ni kwa anayeweza kumaliza ndoo nzima.

Anza kubembeleza kutokea bei ya chini kati ya zile tatu ulizozikusanya, na uitaje wazi: "Kule mwanzo nimeambiwa kiasi hiki, nifanyie hivyo nichukue wawili." Kuongeza idadi kunashusha bei kuliko kulalamika. Ukifika mahali muuzaji ananyamaza na kuanza kupanga samaki wake, umefika mwisho. Lipa au aga vizuri.

## Hatua ya 5: Mkague kabla pesa haijatoka

Hapa usikimbizwe. Muuzaji mwenye samaki mzuri hakukatazi kumtazama.

Macho. Yawe yametokeza, meusi katikati, maangavu. Yakizama na kuwa na ukungu, ameshakaa. Ila samaki aliyelalia barafu anaweza kuwa na ukungu machoni na bado akawa mzima, kwa hiyo usihukumu kwa jicho peke yake.

Mashavu. Inua kifuniko cha shavu utazame matamvua. Mekundu yaliyokolea, yenye unyevu mwepesi, ndiyo mazuri. Yakiwa ya kahawia au kijivu, yenye ute mzito, rudisha.

Kidole. Bonyeza mgongoni penye nyama nene, kisha achia. Shimo lirudi lenyewe. Likibaki, nyama imeanza kuachia. Samaki wa asubuhi hiyo, ukimshika kichwa, mkia haulegei kuelekea chini. Anabaki mgumu kama kipande cha ubao.

Pua. Ananukia maji ya bahari. Harufu kali inayopanda puani kama ya mkojo ni ya kuoza, hata kama mwili unang'aa. Kwa samaki taa na papa kuwa mkali zaidi, hao huanza kutoa harufu hiyo mapema.

Tumbo. Kibua na dagaa huanza kuharibikia tumboni. Tumbo likiwa gumu na halijapasuka, chukua.

Kisha kila aina na lake:

Pweza, vuta ngozi kidogo kwenye mkono wake. Ikibanduka kirahisi, amechoka. Ngisi mzuri ni mweupe mwenye madoadoa yanayoonekana. Nyama ikigeuka rangi ya waridi au zambarau, mwache. Kamba, kichwa kishikane na mwili, na kikianza kuwa cheusi ujue amekaa. Kaa mnunue akiwa hai tu, na kati ya wawili wa ukubwa mmoja chukua mzito. Mwepesi hana nyama.

Jodari, nguru na vibua nawatilia mkazo wa peke yao, kwa sababu waliniumizia mtoto. Mwaka juzi nilinunua vipande vya jodari vilivyokuwa vizuri kabisa, nikaviacha kwenye buti la gari nikapitia shughuli nyingine kama saa tatu hivi. Tulivipika, vikanoga. Nusu saa baadaye midomo ya mpwa wangu ilikuwa imevimba, uso mwekundu, anajikuna shingo na kulia kichwa kinamuuma. Zahanati walituambia ni samaki aliyekaa kwenye joto. Nyama ya samaki hawa ikikosa baridi hutengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa moto, kwa chumvi wala kwa ndimu. Anaweza asinuke na bado akaleta madhara. Wengine wanasema utaonja kama pilipili inayochoma ulimi. Ukiionja hiyo, tema na utupe chungu kizima. Kosa lilikuwa langu, si la muuzaji, na ndiyo sababu ndoo ya barafu iko juu kwenye orodha yangu.

Wa kuwakataa moja kwa moja: kasa na nguva, kwa jina lolote utakalotajiwa, wamelindwa na sheria. Bunju, yule anayejivimbisha kama mpira, ana sumu inayoua. Na samaki wa baruti. Uvuvi wa milipuko ni kosa kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na unavunja matumbawe ambayo changu na chewa wanayaishi. Ukimpasua wa baruti utakuta uti wa mgongo umevunjika na damu imevilia kandokando yake ilhali nje hana jeraha. Ukimtilia shaka, mwombe muuzaji ampasue mmoja.

## Hatua ya 6: Pima mzani

Toa ile chupa ya maji. Lita moja na nusu ya maji ni kilo moja na nusu, na plastiki yenyewe haiongezi kitu cha maana. Mwambie muuzaji kwa upole, "Naomba niweke hii kwanza." Mzani ukisoma kilo moja na nusu, endeleeni. Ukisoma kilo mbili, aga.

Ninapofanya hivi sikumbuki kugombana na mtu. Mwenye mzani sahihi anafurahi kuonwa.

Jambo la pili ni hesabu ya mnofu. Chewa ana kichwa kikubwa na mifupa mizito. Kilo moja ya chewa mzima, ukitoa kichwa, utumbo, ngozi na mifupa, haifikii nusu kilo ya mnofu. Nguru anatoa zaidi. Basi ukilinganisha bei ya kilo, linganisha kwa unachokwenda kupika. Kama utatia kichwa kwenye supu, na ningekushauri ukitie, chewa hakupotezei kitu.

Fungu, ndoo na sado havina mzani. Hapo mwombe amimine upya mbele yako. Unatazama kama chini kuna maji au samaki wadogo.

## Hatua ya 7: Mpeleke kwa wanaopara

Usibebe samaki na magamba yake nyumbani kama huna haja. Wapara samaki wa Feri wanakuokolea saa nzima ya kazi na bomba la sinki lililoziba.

Kaa umtazame mmoja akifanya kazi. Wengi hutumia kibao chenye vizibo vya soda vilivyopigiliwa misumari, meno yakitazama nje. Anamshika changu mkia kwa kitambaa, anavuta kibao kutoka mkiani kwenda kichwani, na magamba yanaruka hadi kwenye kope zake bila yeye kupepesa. Upande wa kwanza, upande wa pili, kisha kisu tumboni, kidole kinapita ndani mara moja na utumbo wote umetoka. Samaki mmoja humaliza kabla hujajibu simu.

Kubaliana bei kabla hajaanza, na useme unavyotaka: apare tu na kutoa utumbo, akate vipande, au atoe mnofu. Ukitaka kichwa na mifupa, sema "Niwekee vyote". Usiposema, atadhani huvihitaji.

Tahadhari mbili. Simama pale pale hadi amalize; wateja ni wengi na samaki hufanana, mtu akaondoka na wa mwenzake bila nia mbaya. Na angalia maji ya kuoshea. Yakiwa yamekuwa mekundu mazito, mwombe asioshe, utaosha mwenyewe nyumbani kwa maji safi. Maji machafu yanaweza kumharibu samaki uliyemhangaikia tangu alfajiri.

Pata pia mtu wako. Ukimpata mpara anayefanya kazi safi, mrudie yule yule. Safari ya tatu atakuambia mwenyewe ni meza gani leo usiiguse.

## Hatua ya 8: Barafu ndani ya dakika tano

Weka tabaka la barafu chini, samaki, barafu, samaki, malizia na barafu juu. Chupa zilizogandishwa zipange pembeni na katikati. Tumbo la samaki aliyetolewa utumbo liangalie chini ili maji yasituame ndani. Funika.

Sasa ndoo ikiwa imefungwa ndipo ukae kwenye majiko. Usianze na chakula huku samaki anasubiri.

Kwa anayefika Feri kwa mara ya kwanza, kula hapo ni sehemu ya safari. Supu ya pweza ya moto kwenye kikombe, ndimu na pilipili, halafu vipande vya ngisi vilivyokaangwa sasa hivi na kachumbari pembeni. Chagua jiko lenye foleni na mafuta yasiyo meusi. Omba chakula kinachotoka kwenye karai, si kilichopangwa. Na kama umebakiza kibua kimoja cha kwako, wapo watakaokukaangia kwa malipo kidogo.

Mzee mmoja aliyekuwa anakula kando yangu aliniambia samaki wa hapa haongezwi kitu zaidi ya chumvi. Nilimjaribu kwa changu wa asubuhi ile. Sijarudi kwenye viungo vingi tangu siku hiyo.

Safari ya kurudi: nyooka nyumbani. Sokoni kwa nyanya, kwa fundi, kwa shangazi, vyote vifanye siku nyingine. Kama unakwenda mbali na utapanda gari la abiria, hakikisha mfuniko haupitishi tone, na funga ndoo kwa gazeti na kitenge nje. Kitambaa kinatunza baridi.

## Hatua ya 9: Ukifika nyumbani

Osha kwa maji safi yanayotiririka, sugua damu iliyoganda kando ya uti wa mgongo kwa kidole au kwa mswaki wa zamani. Ile damu ndiyo inayoleta shombo na ndiyo inayoharibika kwanza.

Kausha kwa kitambaa. Gawa kwa mlo mmoja mmoja, kadiri familia inavyokula, ndipo ugandishe. Samaki aliyeyeyuka asirudishwe kwenye friza. Kila akiyeyuka anapoteza maji na nyama inakuwa kama pamba. Vibua na dagaa vipike kwanza, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Changu na chewa wanavumilia zaidi.

Kama huna friza, nunua kiasi cha siku moja, au kaanga wote jioni hiyo hadi wakauke. Samaki aliyekaangwa akakauka vizuri, akaachwa apoe na kufunikwa kwa wavu, anakupeleka kesho yake, ukampashe vizuri kabla ya kula.

Utajuaje umefaulu: ukitia kipande kwenye mafuta, nyama inajikunja kidogo na kushikana. Ikimeguka na kusambaa karaini kabla haijaiva, kuna hatua uliruka, na mara nyingi ni ya 5 au ya 8.

Mwisho ni ndoo. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha sugua ndani kwa kipande cha ndimu na chumvi, mfuniko nao. Mikono yako ifanyie hivyo hivyo. Ianike juani ikiwa imeinamishwa hadi ikauke kabisa, na chupa za barafu uzijaze tena uzirudishe kwenye friza kwa safari ijayo.